Marais wa Benchi la Kilema

Mwalimu alikuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, ili anayetafuta habari za mzee mwema aliyetufundisha kupendana aende akatafute kwingine. Nilipakana naye shamba miaka mingi, kihamba chake na changu vikitengwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya majani marefu tunayoipanda mipakani huku Kilema, na kwa miaka yote hiyo sikumsikia akimsema mtu vizuri mpaka mwisho wa maneno. Kuanza vizuri alijua sana. Kumalizia ndiko kulikokuwa na sumu.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufundisha historia sekondari, huko mjini Moshi. Alipostaafu alipanda huku juu na redio yake, koti lake la kijivu na Wamarekani wake. Nasema Wamarekani wake kwa sababu sisi hatukujua wengine. Maseneta, magavana, watu waliogombea urais wakaanguka, watu waliotajwa redioni wiki moja kisha wakasahauliwa hata kwao, wote Mwalimu aliwaweka kichwani. Majina yao ya kweli aliyataja, ila mimi sikuyashika. Nilishika yale aliyowabatiza mwenyewe: Seneta wa Mahindi, Gavana Meno, Makamu wa Milele. Na hakutusimulia waliyoyafanya, kwani hayo, alisema, yameandikwa vitabuni kwa ajili ya wavivu. Alitusimulia ambayo wangeyafanya.

Benchi lake lilikuwa kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, cha shemeji yangu, upande wa ukutani, na mtu mwingine akilikalia aliambiwa asogee hata kama Mwalimu hajafika. Mimi nilipita pale kila nikitoka sokoni kuuza ndizi. Nilikuwa mjane, nyumbani hakuna wa kunisubiri ila ng'ombe, na kusema kweli nilipenda kumsikiliza. Wengi walimchukia Mwalimu na wote walisogeza viti.

Mchukueni Seneta wa Mahindi. Huyu alitoka jimbo la wakulima na nusura awe rais. Kilichomwangusha, kwa maelezo ya Mwalimu, ni suruali. Alikwenda kuomba kura kwenye zizi la mzee mmoja, akampa mkono, na alipogeuka akaufuta mkono ule kwenye suruali yake. Kamera ikaona, nchi nzima ikaona, habari yake ikaishia hapo. Mwalimu alikuwa akifika hapo anakunywa, anafuta povu la mbege kwenye masharubu, kisha anasema taratibu, "Sasa tuchukue kwamba hakuufuta."

Tukamwona Seneta akiondoka zizini na mkono wake mchafu, akishinda jimbo hili na lile, akiapishwa kwenye baridi bila kofia. Mwalimu alimpa baraza la mawaziri, akampa vita na kumwezesha kuvimaliza, akampa binti aliyeolewa vizuri. Alijua hata chakula alichopenda. Ungeona wazee wa hapa, watu waliokwisha kugombana na kila diwani, wanavyotikisa vichwa kwa fahari kwa ajili ya rais ambaye hakuwahi kuwepo. Halafu, wakati mapenzi yetu yamekolea, Mwalimu anamleta shemeji wa rais. Shemeji anapewa mradi wa barabara. Rais anajua, anafumba macho. Muhula wa pili anazomewa kwenye zizi lile lile, na yule mzee wa kwanza, sasa kipofu, anapopewa mkono na rais, anaufuta kwenye suruali yake.

Wote waliishia hivyo. Gavana Meno, aliyekosa kuteuliwa kwa sababu alicheka mahali pa msiba, katika historia ya Mwalimu alijizuia kucheka, akatawala, na mwisho akafa peke yake kwenye nyumba kubwa huku mbwa wakimlamba. Makamu wa Milele alipata urais alioungoja maisha yake yote na akagundua kwamba hana neno lolote la kusema. Nilimuuliza siku moja kama hakuna hata Mmarekani mmoja anayeweza kupewa nafasi ya pili akaitumia vizuri. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayetaka mkungu mzima kwa bei ya chane.

"Mama Prosper," akasema, "mimi nawapa nafasi tu. Kuharibu wanaharibu wenyewe."

Ilikuwepo na namna ya pili, ambayo watu waliipenda zaidi: kumzaa upya Mmarekani hapa mlimani. Kwanza alimpangia nafasi tumboni, kwa kuwa huku kwetu nafasi hiyo ndiyo yote. Mzaliwa wa kwanza anakatiwa kihamba chake. Wa mwisho anabaki kwenye nyumba ya wazazi. Wa katikati anapewa baraka na nauli. Mwalimu mwenyewe alikuwa wa katikati, na kihamba alichokalia kilimwangukia kwa sababu mdogo wake alikufa bila mtoto. Basi rais mmoja mwenye sauti nzito alizaliwa wa katikati, akaenda Sumbawanga kuuza vyombo vya plastiki, anarudi kila Krismasi na gari la kukodi akisema ni lake. Seneta mwingine, mtu mwenye hotuba za kuliza watu, alikuwa dalali wa ng'ombe Kwa Sadala, akiapa kwa Mungu kwamba ng'ombe mzee ni mtamba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, maana dalali huyo tulimjua, na wakati mwingine alikuwa amekaa pale pale.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mbuzi. Wasomaji wa mbali wajue kwamba huku mbuzi wa ukoo hakatwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, kidari cha nani, mguu wa nani, na anayekata anatazamwa na macho ya watu wote. Mwalimu alimkabidhi kila rais wa Marekani kisu na mbuzi wa Krismasi, akatueleza yule angefanya nini. Huyu angetoa hotuba ndefu mpaka nyama ichachuke. Yule angeunda kamati. Mmoja, ambaye Mwalimu alikaribia kumpenda, angekata kwa haki kabisa, kila mtu na chake, na ini angekuwa nalo mfukoni tangu mwanzo.

Hakuwahi kufika Amerika. Kuna waliosema aliwahi kupata nafasi ya kwenda kusoma, ikampotea, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kupotea kwake. Yeye hakuthibitisha wala kukana. Ila siku ya kuapishwa rais mpya wa huko alinyoa, alifunga tai, akakaa karibu na redio akiwa amenyooka, na ole wake mtoto wa jirani apite akipiga kelele. Ukimuuliza anajipambia nani, anasema anamsindikiza mtu kwenda kuharibikiwa.

Mwaka mmoja alikuja Mmarekani kweli, mzee mstaafu aliyefikia nyumba ya wageni ya misheni, Kiswahili chake cha kitabu lakini cha kutosha. Wakamleta kilabuni kumfurahisha Mwalimu. Mwalimu akampa urais wote wa Seneta wa Mahindi, kuanzia zizi hadi zizi. Mgeni alisikiliza kwa adabu, kikombe cha mbege kimemshinda mkononi, na mwishoni akasema kwa upole kwamba anamkumbuka mtu huyo, na kwamba samahani, yule alishindwa.

"Kwenu," Mwalimu akasema.

Tulimwimbia neno hilo miezi. Mtu akidaiwa mbegu anasema hakukopa, anajibiwa, kwenu.

Sasa nieleze upande ambao hauchekeshi, au unachekesha kwa namna ambayo baadaye chakula hakipiti vizuri. Mwalimu hakuishia kwa Wamarekani. Tulikuwa na katekista, mtu mpole, aliyewahi kuwa seminarini akarudishwa nyumbani kwa ugonjwa kabla ya upadri. Alikuja kilabuni na mkewe siku ya ubatizo wa mjukuu, wakanunua mbege kwa ajili ya watu. Mwalimu akanywa mbege yao, akashukuru, akasema tuchukue kwamba hakuugua. Akampa upadri, akampeleka Roma, akampa kofia ya uaskofu. Alimpa sauti nzuri ya kuimba misa. Katekista alikuwa akitabasamu, naona hakuwahi kusikia mtu akiitamka ndoto ile kwa sauti. Kisha Mwalimu akamgeukia mke na watoto waliokaa mstari mmoja, akasema, "Na hawa wote hawapo. Na yeye wala haoni pengo lao."

Yule mama aliinuka akawakusanya wanawe kana kwamba mvua imeanza. Katekista alibaki dakika moja zaidi, na ile dakika ndiyo iliyomponza nyumbani kwake mwaka mzima, kwa sababu mkewe aligeuka akaona kwamba mumewe bado amekaa.

Mtu wa namna hii ungedhani ana moyo wa jiwe. Alikuwa na moyo, ila aliuweka mahali pasipofaa. Ng'ombe wake mweusi alipokufa alilia mchana kweupe, makamasi yakimtoka, akakataza nyama isiuzwe. Mkewe alipokufa alisimama kaburini, hapo hapo kihambani chini ya migomba, akamkatiza padri kumsahihisha mwaka wa ndoa yao. Aliwadharau wanaosali sana na hakukosa misa ya kwanza. Shati lake la Jumapili alilipiga pasi mwenyewe, kola mara mbili, hata baada ya binti yake kuhamia nyumbani na kujitolea kumpigia.

Na kuna jambo moja tuliloliona sote bila kulizungumza. Yeye mwenyewe hakujiweka katika hadithi zake. Hakuna aliyemsikia akisema, tuchukue kwamba mimi nilikwenda. Tulisubiri. Mlevi mmoja alijaribu kumwanzia, akasema Mwalimu naye angekuwa balozi, na Mwalimu akainuka akaenda kwake huku kikombe kikiwa hakijaisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Binti yake aliitwa Manka. Kaka zake wako Dar na Arusha, wanakuja Desemba na magari, wanakula, wanashuka. Manka alirudi moja kwa moja, ndoa yake ya mjini ilipovunjika, mume akiwa amehamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili. Watu wakasema yao. Yeye akafunga kitambaa kichwani akaanza kukusanya maziwa. Alitembea nyumba hadi nyumba, akatugombeza kuhusu usafi wa ndoo, akaziandama ofisi za wilaya mpaka tukapata tangi la kupozea maziwa na jengo la kuliweka. Kabla ya hapo maziwa ya jioni tuliyamwaga au kuwapa paka. Mimi binafsi nilimalizia kuezeka bati nyumba yangu kwa maziwa ya jioni. Nampenda Manka na sifichi.

Wakati wa kuchagua diwani ulipokaribia, kina mama wa maziwa tulimsukuma agombee. Alikataa, akafikiri, akakubali, na akishakubali jambo hakuna wa kumzuia. Hakuwa na kingine chochote. Nyumba ilikuwa ya baba, kihamba cha kaka, mume wa mwenzake. Udiwani ulikuwa kitu cha kwanza alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe, na alivyokitaka tuliona aibu kumtazama, kama unapomwona mtu mzima akimeza mate mbele ya chakula.

Wagombea walikuja kujinadi kwenye ghala la zamani la kahawa. Wanaume wawili walisema waliyosema. Manka aliongea kifupi, kuhusu barabara ya juu, maji, na maziwa, na ghala likampigia makofi ya kweli. Mwenyekiti, kwa heshima ya uzee, akamwomba Mwalimu kama baba atoe neno la baraka. Neno moja tu. Manka alikuwa amesimama mbele, mikono ameikunja, ananiangalia mimi kwa furaha.

Mwalimu akainuka na koti lake. "Tuchukue kwamba ameshinda," akasema.

Nilijua pale pale. Nadhani na Manka alijua, kwa sababu mikono aliikunjua.

Alimpa udiwani, na mwaka wa kwanza mzuri, kifusi kimemwagwa barabara ya juu mpaka kwenye mto. Akampa ubunge. Akampa unaibu waziri, nguo za vitenge vya kushonwa Dar, mlinzi wa kumfungulia mlango. Watu walikuwa wakishangilia. Aliyapanga vizuri sana, nafikiri hakuna Mmarekani aliyepewa kazi nzuri kama ile. Kisha gari la mheshimiwa likaanza kuiogopa barabara ya juu. Krismasi akawa anamsalimia baba yake kwa dirisha lililofunguliwa nusu. Tangi la maziwa likapata msimamizi, msimamizi akapata shemeji. Ghala lilianza kucheka. Halafu Mwalimu akamleta yule mume. Anamwona mkewe wa zamani kwenye televisheni, anapanda basi, anakuja kugonga hodi na suti ya kuazima. Na mheshimiwa, ambaye ametunga sheria za nchi, anamfungulia. Anamfungulia, anampa cheo, analala akimsikiliza akikoroma na anaona amefika.

Ghala lilipasuka. Wanawake walishikana mabega. Tulicheka kwa sababu ilikuwa kweli, kila mtu pale alijua kwamba Manka angemfungulia, angemfungulia hata siku ile ile akija, na Manka alijua kwamba tunajua. Mimi nilicheka pamoja nao. Angekuwa mwingine anasimulia haya angewaambia kwamba alikaa kimya.

Kura hazikutosha. Mwanaume mwenye duka la pembejeo akapata, na barabara ya juu iko vile vile. Manka alifunga mizigo, akahamia Rau, chini kule karibu na msitu, akafungua duka la maziwa na mtindi, na hakupanda tena. Alipitisha Krismasi tatu Rau. Mtu asiye wa huku hawezi kuelewa. Desemba mlima unajaa, wanatoka Mwanza, wanatoka Mtwara, wenye deni na wenye kesi wanapanda, na mtoto anayekaa mwendo wa saa moja tu asipopanda, hilo ni tangazo. Kaka zake walikata mbuzi na kipande chake kiliachwa kwenye jani la mgomba mpaka nzi wakaja.

Mwalimu alijifanya haoni. Akaendelea na Wamarekani wake. Lakini benchi lilianza kupungua wasikilizaji, kwa kuwa kina mama wa maziwa waliwakataza waume zao, na tangi lenyewe, bila Manka wa kuligombania, liliharibika likakaa. Kisha miguu yake ikavimba. Akaacha kwenda kilabuni, akaacha redio, na jioni nilipompelekea mtori, supu yetu ya ndizi, nilimkuta ameketi mlangoni akiangalia njia inayotoka barabarani. Kila nilipomwambia shikamoo alichelewa kuitikia, kama mtu aliyetarajia sauti nyingine.

Siku moja akaniambia anataka msamaha wa Manka kabla hajafa. Alilisema wazi hivyo, kwa hasira, kama mtu anayedai chenji.

Kwetu msamaha una njia yake. Unakata jani la isale, unalipiga fundo, unampa mtu wa heshima alibebe kwa mkono mpaka kwa yule uliyemkosea, na jani hilo halikataliwi. Hata aliyekuulia ndugu, likija unalipokea, na ukishalipokea umesamehe. Hii ni kazi ya wazee wa kiume. Lakini Mwalimu hakuwa amebakiza mzee hata mmoja ambaye hajamzaa upya mbele za watu. Katekista ndiye angefaa kuliko wote, na hata Mwalimu alijua hawezi kumwomba.

Basi, msomi mzima, akafanya upuuzi. Alikata jani akaliweka juu ya mkungu wa ndizi, akampa dereva wa gari la kahawa ampelekee Manka pamoja na mzigo mwingine. Isale linatumwa kama parachichi! Nilipojua nilitaka kumpiga kwa fimbo yake mwenyewe. Manka alipokea ndizi, akarudisha kikapu na sukari na mchele ndani, na salamu kwamba ndizi zimefika. Kuhusu jani hakusema neno, wala hakuwa na sababu, kwa kuwa jani lililokaa juu ya ndizi ni jani tu.

Ikabidi niende mimi. Nilikata isale kwenye mpaka wetu, upande wake ili liwe lake. Mwalimu akalipiga fundo, na kabla hajaliachia akaanza kuniambia nimweleze Manka kwamba siku ile ghalani kama angelikuwa na muda wa kumaliza, alikuwa na mwisho mwingine. Nikamwambia jani haliendi na maelezo. Akaniambia mwisho huo ulikuwa mzuri. Nikamwambia, Mwalimu, hujawahi kuwa nao. Akaachia jani.

Manka alikuwa anapima mtindi aliponiona mlangoni. Aliona mkono wangu kabla ya uso. Alimaliza kumhudumia mteja, akanawa, akafuta mikono kwenye taulo, na nikasubiri nimeshika lile jani mbele yangu kama mshumaa. Kisha akalipokea kwa mikono miwili.

"Umenifunga, Mama Prosper," akasema. "Haya. Nimesamehe. Jumamosi nitapanda."

Jumamosi alipanda. Nilikuwepo kwa sababu mleta jani hutakiwa kushuhudia, na hata nisingetakiwa ningekuwepo. Mwalimu alikuwa amenyoa na kufunga tai. Manka akamwamkia shikamoo, akapiga goti kidogo kama zamani, akamwosha miguu ile iliyovimba kwa maji ya vuguvugu, akafagia, akapika mtori, akamlisha. Alifanya kila kitu ambacho binti hufanya, bila kukunja uso na bila kuongeza kitu. Mzee alikuwa akimfuata kwa macho chumba kizima. Nilimwona amefurahi, na nilimchukia kidogo kwa jinsi alivyofurahi haraka.

Aliposhiba akashindwa kujizuia. Akasema, sauti ndogo, kwamba siku zote amewafikiria watu wangekuwa nani, na hakuna hata mmoja aliyemfikiria yeye. Alimtazama Manka. Alikuwa anaomba. Miaka yote ile ya kumsubiri ajiweke mwenyewe kwenye hadithi, kumbe alikuwa anasubiri mtu amwingize.

Manka akaweka kijiko ndani ya sahani, akanipa sahani niishike.

"Nimekufikiria, baba," akasema. "Kule Rau nina muda. Nimekuzaa wa kwanza, nimekuzaa wa mwisho. Nimekupeleka Amerika ukasoma, nikakurudisha, nikakuacha huko huko. Nimekupa hata urais."

Uso wa Mwalimu ulifunguka. Sikuwahi kuuona hivyo. "Ikawaje?" akauliza.

"Kila mahali unakuwa wewe," Manka akasema. "Sijapata hata mahali pamoja ulipo tofauti. Ukienda Amerika unakaa kwenye benchi la huko, unawasema watu wa Kilema."

Alisema bila ubaya, kama anavyomwambia mteja kwamba mtindi umekwisha. Kisha akakunja taulo, akatoka kumwaga maji ya miguu kwenye migomba.

Mwalimu akanigeukia, mtori umebaki kwenye masharubu, aone kama nitacheka.

Nilicheka.